Mamba Anaijua Saa Yako ya Kuchota Maji

SWALI

"Shikamoo mtaalamu. Ninaishi kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Victoria, Buchosa, mkoani Mwanza. Mwezi uliopita mamba alimvuta mbuzi wangu pale pale tunapochotea maji, na mwaka juzi mtoto wa jirani aling'atwa paja mahali hapo hapo, akapona kwa kudra za Mungu. Vijana wanataka kumtegea sumu. Wazee wengine wanasema huyu si mamba wa bure, ametumwa. Shemeji yangu aliwahi kufanya kazi Darwin, kule Australia, anasema mamba wa huko ni wengi na wakubwa kuliko wa kwetu, lakini watu hawaliwi kama huku. Mimi nina watoto watatu, na wawili wakubwa huchota maji kabla ya kwenda shule. Je, wenzetu wametuzidi nini? Na mimi nifanye nini leo, si mwakani?"

JIBU

Marahaba, mama. Pole kwa mbuzi, na unifikishie pole kwa jirani yako. Umeuliza mengi, lakini umetaja pia "leo", kwa hiyo naanzia hapo. Kuanzia kesho alfajiri watoto wasikanyage ziwani. Maji yachotwe na watu wazima, jua likiwa limepanda vya kutosha, tuseme kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na yachotwe mahali pengine kabisa, mbali na pale mlipozoea. Na huko kupya nako msipazoee: leo hapa, keshokutwa kule. Ukifanya hilo tu, kabla ya sumu, kabla ya mganga, kabla hata ya kumaliza kusoma majibu yangu, utakuwa umeshapunguza sehemu kubwa ya hatari. Sasa nikueleze kwa nini.

Nimefanya kazi ya wanyamapori pembezoni mwa ziwa hili kwa zaidi ya miaka ishirini, na somo lililonikaa kuliko yote nililipata usiku mmoja upande wa Sengerema. Kulikuwa na mwalo mdogo, yaani pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, ambapo mama mmoja alikuwa amepoteza mkono. Nilikaa na mwenzangu juu ya jiwe, moja ya yale mawe yetu makubwa yaliyopandana, tukiwa na kurunzi. Saa tisa usiku niliona macho mawili, mekundu kama makaa, kwa mbali, kama hatua mia. Saa kumi yalikuwa hatua sitini. Saa kumi na moja kasoro robo, arobaini. Hayakuwa na haraka yoyote. Kisha kule juu kijijini nikasikia mlango wa bati unafunguliwa na ndoo tupu inagonga ndoo nyingine. Macho yakazimika. Hakuna kishindo, hakuna hata kiwimbi. Tuliteremka mbio kuwazuia akina mama, na tulipomulika kwenye magugumaji, kichwa kilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye lile bapa la jiwe wanaposimama kila siku. Alikuwa ameshafika kabla yao.

Mamba yule hakuwa akimwinda mtu fulani. Alikuwa amejifunza kwamba mahali pale, muda ule, kila siku ya Mungu, nyama inakuja yenyewe mpaka ukingoni. Ng'wina, kama Wasukuma wanavyomwita, mwili wake unafuata joto la mazingira, hautumii chakula kingi, na anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Maana yake ana muda. Anaweza kukutazama mwezi mzima kabla ya kujaribu mara moja. Ngozi ya taya zake imejaa vidoa vidogo vinavyohisi mtetemo wa maji hata kwenye giza totoro: dumu linalozamishwa, miguu ya mtoto, ulimi wa mbuzi. Anazama dakika nyingi bila kupumua, hata nusu saa, na akitulia tuli anaweza kuzidisha. Ndiyo maana huwa nasikitika ninapomsikia mtu akisema, "Tuliangalia, hakukuwa na kitu." Maji yaliyotulia si ushahidi wa chochote. Mamba mkubwa anajificha kwenye maji ya tope yanayokufika magotini, na ukimwona akiota jua juu ya jiwe ana nafuu kuliko usipomwona.

Sasa twende kwa shemeji yako, maana amesema kweli. Jimbo la kaskazini la Australia, ambalo Darwin ndiyo mji wake mkuu, lilipiga marufuku uwindaji wa mamba wa maji chumvi mwaka 1971, baada ya biashara ya ngozi kuwamaliza hadi wakabaki kama 3,000 tu. Leo wanakadiriwa kufika 100,000, katika jimbo lenye watu wapatao 250,000. Ni kama mamba wawili kwa kila watu watano. Na hao ni mamba wakubwa kuliko aina zote zilizobaki duniani, wakali pia. Watu huuawa huko, tena karibu wote ni wale waliojisahau: aliyeingia majini kunasua ndoano, aliyeogelea usiku, aliyejaribu kuvuka mto uliofurika. Lakini ukilinganisha na wingi wa mamba, vifo ni vichache mno.

Wana mabango kila mtoni. Wana mitego ya chuma bandarini Darwin na kikosi kinachoizungukia. Watoto wanafundishwa shuleni habari za mamba kama wa kwetu wanavyofundishwa kuvuka barabara. Jimbo jirani la Queensland linawaambia watu wakae angalau mita tano kutoka ukingo wa maji. Yote hayo ni mazuri na tunaweza kuyaiga. Ila nikwambie ukweli wangu, mama: hayo ni nyongeza. Kinachomwokoa mtu wa Darwin ni bomba. Akitaka maji ya chai anafungua koki jikoni. Akitaka kufua, mashine iko ndani. Haendi mtoni isipokuwa kwa kupenda, na siku akiona hatari anaahirisha. Wewe huwezi kuahirisha kiu. Wenzetu hawatuzidi ushujaa wala akili za porini, na mamba wao si wapole. Wametuzidi umbali kati ya jiko na ziwa. Ninalisema hili kila nikipewa nafasi mbele ya viongozi, na nitaendelea kulisema: kisima kirefu kimoja chenye pampu kinaokoa watu wengi kuliko bunduki kumi.

Kwa hiyo mfano unaokufaa zaidi hautoki Australia. Unatoka Sri Lanka, kwa sababu kule watu wengi bado wanaoga na kufua mtoni kama sisi. Kusini mwa kisiwa kile, kwenye mto Nilwala unaopita mji wa Matara, mamba wa maji chumvi wanaishi katikati ya makazi ya watu. Wakazi wanazungushia uzio ndani ya maji pale wanapooga, na uzio huo wanauita kimbula kotuwa, yaani ngome ya mamba. Zamani ulikuwa wa miti na mianzi, siku hizi ni wa mabomba na wavu wa chuma. Mtu anaingia kwenye maji yale yale ya mto, lakini mamba yuko upande wa pili. Hapa kwetu TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, nao wamejenga vizimba vya namna hiyo, tena upande huo huo wenu wa Buchosa. Nenda na mwenyekiti wako mkakione kimoja kwa macho kabla hamjapanga chochote. Utaelewa kwa dakika tano kuliko kwa maandishi yangu yote.

Ila kwa kuwa najua mtajaribu kujenga wenyewe, na mna haki, sikiliza makosa ninayoyakuta. Kosa la kwanza ni nyavu za kuvulia. Wavu wa nyuzi haumzuii mamba, anauchana, au mbaya zaidi ananaswa karibu na watu akiwa amechanganyikiwa. Tumieni nondo au wavu mzito wa chuma uliochomelewa kwenye mabomba, matundu yasizidi upana wa kiganja. Kosa la pili ni uzio unaoishia kwenye ukingo wa maji. Mamba anatembea. Atapanda nchi kavu pembeni, atazunguka, ataingia kwa mlango mnaouingia ninyi, na sasa mtakuwa mmefungiwa naye. Kuta za pembeni zipande nchi kavu hatua kadhaa, na upande wa nyuma uwe na mlango unaofungwa kila jioni. Kosa la tatu ni uzio usiofika chini. Chuma kizame kwenye tope, kishindiliwe mawe, kwa sababu mwanya ambao mbwa anapita chini yake ndio mamba ataukuta. Na kimo: mamba anayejirusha kutoka majini hutoa sehemu kubwa ya mwili hewani akisukumwa na mkia, kwa hiyo uzio unaozidi uso wa maji kwa sentimita hamsini ni wa kujidanganya. Juu ya maji ubaki urefu wa mtu mzima.

Halafu kuna suala ambalo mafundi wengi hawalifikirii: ziwa linapanda na kushuka. Mwezi Mei mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likavunja rekodi iliyokuwepo tangu 1964. Nyumba zilizama, mialo ikahama, na mamba na viboko wakafuata maji mpaka kwenye vyoo na mashamba ya watu. Watu walisema wanyama wamevamia vijiji. Kwa kweli ni ufukwe uliohama, na wao wakahama nao. Kizimba kilichojengwa kiangazi kwa kipimo cha kiangazi, masika ikija kinazama.

Nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, lakini nina hakika lipo hapo kwenu. Mnasafishia wapi samaki?

Jimbo la Florida, kule Marekani, lina mamba wa aina nyingine wanaoitwa aligeta, wapatao milioni 1.3, na wako katika kaunti zote 67 za jimbo. Wanakaa kwenye mabwawa ya mitaani, wanapita uani kwa watu, wanaota jua kwenye viwanja vya gofu. Sheria moja wanayoisimamia kwa ukali ni hii: kumlisha aligeta ni kosa. Hata mkate hapana. Hata kutupa mabaki ya samaki majini kwenye gati hapana. Sababu yake waliijifunza kwa vifo. Mnyama anayemwogopa mtu hukimbia akisikia sauti ya mtu. Mnyama aliyelishwa akisikia sauti hiyo hiyo husogea.

Sasa fikiria mwalo wetu wa kawaida. Mitumbwi inaingia asubuhi. Sangara anapasuliwa pale pale ukingoni, matumbo yanasukumwa majini kwa mguu. Sato wanaparuliwa magamba. Sufuria na sahani za ugali wa jana zinaoshewa hapo. Maji yanabadilika rangi, furukombe wanashuka, kenge wanatoka kwenye mawe, na chini ya yote hayo mamba anakula bila jasho. Hatua ishirini pembeni, binti yako ameinama na ndoo. Tumemlisha miaka na miaka, kisha tunashangaa kwamba yeye haogopi watu. Kama kuna jambo moja ambalo kijiji kinaweza kulifanya wiki hii bila senti tano na bila kumsubiri afisa yeyote, ni kutenga mahali pa kupasulia samaki mbali na mahali pa maji, na kuchimba shimo la matumbo nchi kavu. BMU yenu, kile kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi, inaweza kuweka faini. Nimeona mwalo mmoja ukifanya hivyo, na kufikia mwisho wa mwaka mamba waliokuwa wakionekana kila siku walikuwa wametawanyika.

Magugumaji nayo yaondolewe kwenye eneo la kuchotea, maana ndiyo pazia lake. Mbwa wasiwafuate watoto ufukweni, mamba anapenda mbwa. Mifugo inyweshwe kwenye hori, na kama haiwezekani, inyweshwe mbali na penye watu.

Kuna watu watakuonyesha picha za India, jimbo la Gujarat, ambako katika vijiji vya eneo la Charotar watu na mamba wanatumia bwawa moja, na mama anafua huku mamba akiota jua ng'ambo. Ni kweli. Wanamheshimu hasa kwa sababu ya mungu wao wa kike, Khodiyar, ambaye huchorwa akiwa amempanda mamba. Nawavulia kofia kwa uvumilivu wao. Lakini yule ni mamba wa aina nyingine, wa wastani, asiye na rekodi ya kula watu kama huyu wetu wa Mto Nile. Msiige.

Hapa ziwani tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Upande wa Uganda, kijiji cha Luganga, kulikuwa na mamba mmoja waliyempa jina la Osama. Wanakijiji walimhesabia vifo zaidi ya themanini, kuanzia mwaka 1991 hadi aliponaswa mwaka 2005. Walikuwa wanasema anapanda mpaka kwenye mitumbwi. Na wao pia, mama, walianza kusema huyu si mamba wa kawaida. Mwishowe alinaswa hai na maafisa wa wanyamapori wakishirikiana na wanakijiji, akapelekwa kwenye shamba la mamba la Buwama. Aliponaswa alikuwa nini? Mamba. Dume kubwa, zee, la mita tano hivi, lililojua kazi yake.

Hapo naomba uniruhusu niseme kwa uzito kuhusu hili la kutumwa, na ninalisema kwa heshima kwa wazee wako, kwa sababu nami nimezaliwa katika habari hizo. Mtu aliyepoteza mtoto anatafuta sababu, na neno "ametumwa" linampa sababu. Shida ni kwamba mamba wa kutumwa anahitaji mtumaji. Na mtumaji huku kwetu huwa ni nani? Ni bibi kizee mjane, anayeishi peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa miaka sitini ya moshi wa jikoni. Kanda yetu ya Ziwa imewaua akina mama wa namna hiyo, sote tunajua. Sijawahi kukuta tukio la mamba ambalo halikuelezeka kwa mambo matatu: mahali pamoja, saa ile ile, na chakula majini. Wakikwambia tena kwamba ametumwa, waambie basi tubadilishe mahali, saa, na chakula, tuone kama mtumaji ataendelea kuwa na nguvu.

Vijana na sumu yao: wazuie, mama, hata kama itabidi umwite mtendaji. Sumu inayomuua mamba wa mita nne haibaki kwa mamba. Inaingia kwa samaki, kwa mbwa, kwa furukombe, na kwenye ndoo ile ile tunayotaka kuilinda. Ni kosa kwa sheria ya wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 kumuua mnyama bila kibali, ingawa hakuna atakayekushitaki kwa kumpiga mamba shoka wakati amemshika mwanao. Zaidi ya hapo, haisaidii inavyodhaniwa. Dume kubwa huwafukuza wengine katika eneo lake. Akifa leo, nafasi inajazwa, na anayejaza anakuta matumbo ya samaki na ndoo za saa kumi na mbili zikimsubiri vile vile.

Je, ahamishwe? Huko Queensland watafiti waliwahi kuwafunga mamba vifaa vya setilaiti, wakawabeba kwa helikopta na kuwapeleka mbali. Matokeo waliyatangaza mwaka 2007: wote watatu walirudi nyumbani, na mmoja alizunguka rasi nzima kwa bahari, zaidi ya kilomita 400, kwa siku ishirini. Kwa hiyo mamba aliyezoea kula watu hahamishiwi kisiwa cha jirani. Anaondolewa moja kwa moja, na wanaofanya kazi hiyo ni TAWA au afisa wanyamapori wa halmashauri, wenye silaha, mitego na mamlaka. Mmeshapata mtoto aliyejeruhiwa na mbuzi aliyechukuliwa mahali pamoja. Hiyo ni sababu tosha ya kuwaita. Peleka barua yenye muhuri wa kijiji, tarehe za matukio yote mawili, na kama unaweza, picha ya nyayo na mburuzo wa mkia kwenye mchanga. Mburuzo huo ndio unaomtofautisha mamba mkubwa na kenge kwa upana wake. Usiione picha hiyo kuwa jambo dogo, kwa sababu taarifa nyingi za mamba zinazoletwa ofisini huishia kuwa kenge, na afisa aliyesumbuliwa bure mara tatu, ya nne huchelewa.

Kuna viboko pia hapo kwenu, nadhani, maana palipo na majani ya ukingoni na mashamba ya viazi huwa hawakosi. Hawa ni hatari ya usiku na ya njiani. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, anakula kama kilo arobaini kwa usiku, na hurudi kwa njia ile ile kabla ya kupambazuka. Anayekufa mara nyingi ni yule aliyesimama kati yake na maji. Wakolombia wanalijifunza hilo sasa. Mfanyabiashara wa dawa za kulevya Pablo Escobar aliingiza viboko wanne katika shamba lake miaka ya 1980, akauawa mwaka 1993, viboko wakaachwa, na leo wamezaana wamezidi 160 kwenye mto Magdalena. Kwa muda mrefu watu wa huko waliwaona kama vivutio, hata vitoto vyao vilichezewa. Kisha mwaka 2020 mkulima mmoja akajeruhiwa vibaya alipokwenda kuchota maji. Kuchota maji, mama, hata kule. Ninyi mnaotembea alfajiri msipite kwenye vile vichochoro vilivyolainika kwenye majani, hizo ni barabara zao. Ukikutana naye usikimbilie majini wala usimpige kwa mawe. Panda jiwe. Kiboko haruki, na Mungu ametujalia mawe kila kona.

Sasa lile ambalo hakuna mzazi anapenda kulisikia. Ikitokea mamba amemshika mtu, anayeshikwa apigane, asijifanye amekufa. Macho ndiyo mahali pake dhaifu: vidole, fimbo, kasia, chochote, ndani ya jicho. Wengine wasiingie majini, wabaki nchi kavu wakimshikilia mwenzao kwa nguvu zote na kupiga kichwa na macho ya mamba kwa miti mirefu. Akiachia, mtolewe mbali kabisa na maji kwanza, kwa sababu mamba hurudi. Bana kidonda kwa nguo safi, kwa nguvu, bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Wala msiridhike na kidonda kidogo. Meno ya mamba yana vijidudu vya tope na nyama iliyooza, na nimeona watu waliopona jeraha wakapoteza mguu kwa usaha wa siku ya tano. Usioshee dawa za kienyeji ukalala nyumbani. Mpeleke hospitali ya Sengerema siku hiyo hiyo, apate sindano ya pepopunda na dawa za kuua vijidudu, na wakisema aende hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza mjini, aende. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kukesha kusubiri kivuko.

Mwambie na jirani yako hili: serikali ina utaratibu wa kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au aliyefiwa na mtu kwa mnyama hatari, na kifuta jasho kwa mazao, chini ya kanuni za mwaka 2011. Si fidia, na hakuna fedha inayolingana na paja la mtoto, lakini ni haki yake. Aende kwa afisa wanyamapori wa halmashauri na karatasi za hospitali na uthibitisho wa kijiji, aulize kama muda bado unaruhusu na viwango vya sasa ni vipi. Nimeshuhudia watu wakikosa haki hiyo kwa sababu tu tukio halikuandikwa popote siku lilipotokea. Kuanzia sasa, mtendaji wenu afungue daftari.

Watoto wako usiwafundishe kuogopa ziwa, watakaa nalo maisha yao yote. Wafundishe kulisoma. Shule ikiweza kufika Mwanza mjini, kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko jirani kabisa kwa boti, na huko mwongozaji anaweza kuwaonyesha jinsi mamba anavyofanana na gogo hadi dakika ya mwisho. Mtoto aliyewahi kudhani ni gogo, kisha gogo likafumbua jicho, hahitaji kukumbushwa tena.

Lililobaki ni barua mbili, na naomba ziende wiki hii, zote zikipitia kwa mwenyekiti. Moja kwa TAWA na halmashauri, kuhusu huyu mamba na kizimba. Nyingine kwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kuhusu kisima, na humo msiandike tu kwamba "tuna shida ya maji", kwa sababu kila kijiji kinaandika hivyo. Andikeni majina ya waliojeruhiwa, tarehe, na idadi ya watoto wanaochota maji kabla ya shule. Wakati mnasubiri majibu, tafuteni mti mrefu wa mita tatu au nne, mfunge dumu lililokatwa mdomo kwenye ncha, mchotee mkiwa mmesimama mbali na ukingo, mtu mmoja akichota na mwingine akiwa amesimama nyuma yake kwenye jiwe la juu akitazama maji. Na fundi wa kuchomelea akija kupima kizimba, msimpeleke ufukweni kwanza. Mpelekeni kwa mzee anayekumbuka maji yalifika wapi mwaka 2020, awaonyeshe alama, na nguzo za upande wa nchi kavu zianzie hapo.